Mafunzo ya Utabibu kwa Njia ya Mtandao: Mfano wa Delta ya Rufiji

Mwezi Machi 2020 shule na vyuo vyote nchini vilifungwa ili kuzuia kuenea kwa UVIKO-19. Vyuo vikuu vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni. Tangu hapo swali limezidi kuulizwa: je, utabibu waweza kufundishwa kwa njia ya mtandao?

Tuitazame delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, yenye hektari zipatazo 53,000 za mikoko. Mhudumu wa zahanati ya kisiwani husafiri kwa mashua, akifuata kujaa na kupwa kwa maji. Akienda mjini kwa mafunzo, wagonjwa wake hubaki bila mtu. Kwa hiyo somo linalomfuata alipo lina faida kubwa.

Tatizo la kwanza ni la kifizikia. Mawimbi ya simu hudhoofika kwa umbali na kwa kupita katika majani mabichi. Sauti ya mwalimu yaweza kupelekwa kwa biti 64,000 kwa sekunde. Kwa saa moja:

64,000 × 3,600 ÷ 8 = baiti 28,800,000

Video inayotumia biti 1,000,000 kwa sekunde huhitaji baiti 450,000,000 kwa saa, yaani zaidi ya mara 15. Ndiyo sababu mawimbi yakiwa hafifu, sauti hufika lakini picha hukwama. Aidha, tarehe 12 Mei 2024 nyaya zipitazo chini ya Bahari ya Hindi zilipokatika, mtandao ulizorota hata mijini.

Tatizo la pili ni zito zaidi. Mkunga hutambua mlalo wa mtoto tumboni kwa vidole: kichwa ni kigumu na cha mviringo, matako ni laini. Kioo cha simu huonyesha mkono wa mwalimu, lakini hakimpi mwanafunzi hisia za vidole. Kadhalika, mzazi akitokwa damu nyingi, tumbo husuguliwa ili mfuko wa uzazi ukaze. Kosa hapo hugharimu uhai, na hospitali iko ng'ambo ya maji.

Hapana budi basi kazi igawanywe. Nadharia ipelekwe kwa maandishi na sauti, ihifadhiwe mapema katika simu, isomwe hata mtandao ukikatika. Vitendo vifundishwe wodini, mbele ya macho ya mwalimu, na ustadi wa mikono upimwe kwa mikono.

Zoezi: Kitabu kina kurasa 100, kila ukurasa herufi 2,000, kila herufi baiti moja. Saa moja ya video hiyo ni sawa na vitabu vingapi?