John Hurt, Mkulima Mpiga Gitaa

Kusini mwa Marekani kuna jimbo liitwalo Mississippi. Huko watu wengi walilima pamba. Katika kijiji kidogo cha Avalon aliishi mkulima mmoja mweusi, jina lake John Hurt.

Wakati huo watu weusi wengi wa Mississippi hawakuwa na ardhi yao. Walilima mashamba ya matajiri. Baada ya mavuno waligawana mazao na mwenye shamba. Mara nyingi mkulima alibaki na deni tu.

John aliacha shule mapema, akashika jembe. Gitaa alianza kujifunza akiwa na umri wa miaka tisa hivi, bila mwalimu. Kidole gumba kilipiga nyuzi nene bila kupumzika, kama mtu apigaye ngoma. Vidole vingine viliimba juu ya nyuzi nyembamba. Ukimsikiliza utadhani wapigaji ni wawili! Jean Bosco Mwenda wa Katanga, aliyeimba kwa Kiswahili, naye alitumia kidole gumba namna hiyo, ingawa hawakufundishana.

Mchana John alikuwa shambani. Jirani wakiwa na sherehe, walimwita awapigie wacheze.

Mwaka 1928 jirani yake mmoja, Mzungu mpiga fidla, alimtaja kwa kampuni ya santuri. John akaitwa mjini Memphis, kisha New York, akaimba nyimbo zake. Katika wimbo mmoja alitaja Avalon kuwa ndiko kwao.

Santuri hizo hazikuuzwa sana. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ulianguka, watu wakakosa fedha hata ya chakula. Nani angenunua santuri? John alirudi kwa mkewe, Jessie, wakaendelea kulima. Alichunga ng'ombe na kufanya vibarua. Hivyo ndivyo alivyolisha jamaa yake.

Ikapita miaka 35. Miaka hiyo si michache. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa santuri alikwisha kuwa mtu mzima mwenye watoto.

Mwaka 1963 vijana wapenda muziki wa zamani waliusikiliza ule wimbo wa Avalon. Wakajiuliza: je, mwimbaji huyu yu hai? Walitafuta Avalon katika ramani mpya, wasiione. Waliiona katika ramani ya zamani sana. Mmoja wao, Tom Hoskins, akafunga safari. Alipofika akaonyeshwa nyumba ya John.

John aliogopa. Alidhani ni mtu wa serikali amekuja kumkamata. Mgeni alimwomba apige gitaa, lakini mzee hakuwa na gitaa lake mwenyewe. Akapewa la mgeni. Alipopiga, mgeni alijua kwamba ndiye.

Mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, John aliimba mbele ya maelfu ya watu kwenye tamasha la Newport. Alihamia mji wa Washington pamoja na Jessie na wajukuu. Sasa gitaa ndilo lililowalisha, wala si jembe.

Alipata miaka mitatu tu ya namna hiyo. Alikufa Mississippi mwezi Novemba 1966, akazikwa Avalon. Baadaye mjukuu wake aliifanya nyumba ile ya mbao kuwa makumbusho. Iliungua mwaka 2024, lakini santuri za 1928 zinasikilizwa hadi leo.