Fundi wa Busia na chombo kisicho na mabawa

Sisi wanahabari tunapenda ndege. Mwaka 2010 Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Nyeri, aliunda ndege nyumbani kwake kwa injini ya Toyota NZE na maarifa aliyoyaokota kwenye intaneti, na picha zake zikazunguka dunia. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kampala, ambako Chris Nsamba na wenzake walikuwa wakiunganisha ndege yao uani kwa mama yake, huku wakizungumzia anga za juu. Ya Nyeri ilinguruma sana lakini haikupaa. Hatukujali, maana picha tulikuwa tumeshapata.

Nilikuja kulifikiria hilo nikiwa Busia, kando ya foleni ya malori, nilipopitwa na mama mmoja aliyeketi juu ya baiskeli ya magurudumu matatu. Miguu yake haikuwa na nguvu. Alikuwa akizungusha pedali kwa mikono mbele ya kifua, na nyuma yake kulikuwa na jukwaa la vyuma lililobeba magunia ya maharagwe kutoka upande wa Uganda, vijana wawili wakisukuma. Hakuna aliyegeuka kumtazama. Baiskeli ya aina hiyo haiuzwi na kiwanda chochote ninachokijua. Nikauliza imetengenezwa wapi, nikaonyeshwa kibanda cha mabati nyuma ya maduka, upande wetu wa Kenya.

Mwenye kibanda aliomba jina lake lisitokee gazetini. Ukutani kuna alama nyekundu ya X, ile ya kubomolewa ambayo kila mfanyabiashara wa kando ya barabara anaijua, naye hataki maneno. Basi tumwite Fundi. Hajasomea uhandisi. Alianza kwa kuziba pancha.

Nilimwonyesha kwenye simu video ya ndege ya Nyeri. Aliitazama kimya, akairudisha mwanzo, akaitazama tena.

"Uzito aliuweka wapi?" aliuliza.

Sikuwa na jibu. "Kwa nini unauliza hivyo, mzee?"

"Kwa sababu mambo yote yako hapo, mwanangu. Njoo uone."

Akanisogeza hadi kwenye fremu iliyokuwa imelala chini, nusu imechomelewa. Katika vyombo vyake, cheni inateremka kutoka kwenye pedali za mkono hadi gurudumu la mbele. Gurudumu hilo ndilo linalovuta na ndilo linalokata kona. Sasa mteja ni mfanyabiashara, anataka jukwaa kubwa la mzigo nyuma. Ukiweka magunia nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele linakuwa jepesi. Mtu anazungusha mikono, tairi inateleza papo hapo na chombo hakisogei. Mara nyingine pua nzima inainuka. Fundi anasema vyombo vyake vya kwanza vilifanya hivyo, na wateja walirudi wakimtukana. Tangu hapo hachomelei kiti kabla hajamkalisha mwenyewe juu ya kreti la soda katikati ya fremu, akapakia gunia moja moja nyuma, huku akiinua pua ya chombo kwa mkono ili kuupima uzito. Anasogeza kreti mbele kidogo, anapima tena. Pale anaporidhika anapiga chaki. Hana hesabu ya kuandika, ila chaki ile ndiyo hesabu yenyewe. Wanaounda ndege hukesha wakiitafuta nukta hiyo hiyo, maana uzito ukikaa nyuma mno chombo hakitulii hewani, na ukizidi mbele pua haiinuki.

Halafu kuna suala la mikono. Pedali za baiskeli ya kawaida zinatazamana kinyume, moja juu na nyingine chini, kwa kuwa miguu hupokezana. Ukizihamishia kifuani zikiwa hivyo, kila msukumo wa mkono wa kulia unapeleka usukani upande mmoja na wa kushoto unaurudisha, kwa sababu pedali na usukani ni kitu kimoja. Chombo kinayumba njia nzima. Dawa yake Fundi ni kuzilaza pedali zote mbili upande mmoja, mikono isukume pamoja na kuvuta pamoja. Kulisema ni rahisi. Ekseli ya baiskeli kuukuu imechongwa mahali pamoja tu pa kukaza kotapini kila upande, kwa hiyo anachonga mahali papya kwa tupa, taratibu, akijaribu pini kila mara. Ikilegea hata kidogo, mkono wa pedali utacheza na kuila ekseli, na mteja atakwama katikati ya malori.

Kitu kilichonivutia kuliko vyote ni friwili. Kwenye baiskeli yako na yangu, ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea kuzunguka peke yake. Fundi anaichomelea friwili isizunguke bure. Nilidhani ni ubahili wa vipuri. La. Mtu ambaye mikono yake yote iko kwenye pedali hana mkono wa kushika breki, basi pedali zenyewe zinakuwa breki: unazikaza na chombo kinapunguza mwendo. Tena unaweza kurudi nyuma. "Kwenye foleni ya forodha," aliniambia, "mtu asiyeweza kurudi nyuma atasukumwa na lori." Hasara yake inajulikana: kwenye mteremko pedali zinakimbia zenyewe na kugonga vidole. Ndiyo maana wateja wa Malaba, ambako barabara inashuka kwenda daraja la mto, humtaka aongeze kipande cha tairi kuukuu kinachokandamizwa juu ya gurudumu kwa kiwiko. Kwa kiwiko! Wazo hilo, anasema, lilitoka kwa mteja.

Historia ya vyombo hivi wengi hapa wanaijua. Miaka ya utawala wa Idi Amin nchini Uganda, sabuni na chumvi vilipoadimika ng'ambo huko, magendo yalistawi, na walemavu wenye baiskeli waligundua kwamba maafisa waliona haya kuwapekua. Watafiti Herbert Muyinda na Susan Reynolds Whyte wameiandika biashara hiyo ya Busia kwa upande wa Uganda. Chombo kilikua kwa sababu mlango ulikuwa wazi kwa mwenye chombo. Kwa maneno mengine, aliyechora jukwaa la nyuma ni afisa wa forodha, bila kujua.

Je, mlango huo bado uko? Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani, na leo mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000 unaweza kupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi, awe mbebaji ana miguu au hana. Na wateja wenyewe? Wateja wa zamani wa Fundi ni watu waliopooza kwa polio, na Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili. Nilidhani angesema kazi inakufa. Alinyoosha kidole barabarani, kwenye pikipiki zilizokuwa zikipenya katikati ya watu. "Hao wananiletea wapya," alisema, bila kutabasamu. Vijana waliokatwa miguu baada ya ajali wana mikono yenye nguvu, na hawana subira na cheni.

Mmoja wao ameleta pikipiki yake iliyomwangusha. Anataka injini yake ifungwe kwenye magurudumu matatu. Fundi anaweza, alishanieleza itakaa wapi, na kwa nini si nyuma. Kinachomsumbua ni hiki: chombo kikiwa na injini, pale mpakani ni baiskeli ya mlemavu au ni gari linalohitaji namba, bima na leseni? Na kijana atapewa leseni na nani? Nilikwenda kuuliza. Karani mmoja aliniambia hiyo ni pikipiki, hakuna mjadala. Mwenzake wa dirisha la pili alisema inategemea imebeba nini.

Nilipompelekea Fundi majibu hayo alicheka sana, kisha akapandisha bei ya kazi.