Noa Mawaggali, Mtakatifu Aliyefinyanga Vyungu

Fundi wa Kiomboi, awe seremala, mwashi au mama afinyangaye vyungu, ni nadra kuulizwa habari za maisha yake. Watu huijua kazi ya mikono yake, wakalipa, wakaenda zao. Ndivyo alivyojulikana Noa Mawaggali, ambaye Wakatoliki wa Uganda humhesabu kuwa msimamizi wa mafundi na wafanyakazi.

Noa alikuwa mwenyeji wa Singo, katika ufalme wa Buganda, na mfinyanzi wa chifu wa jimbo hilo. Mapadri wa Kikatoliki waliingia Buganda mwaka 1879. Dini ilipofika Singo, Noa aliipokea, akabatizwa tarehe 1 Novemba, 1885.

Hakukaa nayo hata mwaka mmoja. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga aliamuru Wakristo wauawe, na tarehe 31 Mei askari wake wakafika Mityana. Husimuliwa kwamba walimwuliza Noa kama ndiye yule mfinyanzi wa chifu. Hakuikana kazi yake wala imani yake. Alitoka nje, akajifunika uso kwa nguo ya gome la mti, akachomwa mkuki. Kisha alifungwa mtini, mbwa wakaachiwa wamrarue.

Dada yake, Munaku, aliwaendea wauaji hao akataka afe kama kaka yake. Walimchukua mateka badala ya kumwua. Baadaye wamisionari walimkomboa, akabatizwa kwa jina la Maria Matilda, akaishi maisha yake yote bila kuolewa.

Tarehe 18 Oktoba, 1964, Papa Paulo wa Sita alimtangaza Noa kuwa mtakatifu, pamoja na wenzake 21. Wengi wao walikuwa vijana waliotumikia katika jumba la Kabaka. Miongoni mwao akawekwa mtu wa udongo na tanuri.

Iramba ina Walutheri wengi, ambao hawana desturi ya kuwaomba watakatifu. Hata hivyo kisa hiki chawahusu nao, na kinamhusu pia Mwislamu mwenye karakana yake. Wako wazazi wanaowatisha watoto kwamba wasipofaulu shuleni wataishia kwenye ufundi, kana kwamba ufundi ni adhabu. Mtoto aliyelelewa hivyo, siku atakapoulizwa kazi yake, ataionea haya. Noa aliulizwa swali hilo mbele ya mikuki, akaitika.