Famasi ya jijini, duka la dawa la mji mdogo: Wapi mgonjwa anaulizwa?

UKISHUKA kwenye daladala Mbagala Rangi Tatu, jijini Dar es Salaam, saa moja jioni, huna haja ya kuuliza duka la dawa liko wapi. Lipo hapo, na jingine liko hatua chache mbele.

Wateja wamejazana dirishani, kila mmoja na haraka yake. Huyu anataka dawa ya kifua, yule ya tumbo, na wa tatu anataja kiasi cha pesa kabla ya kutaja ugonjwa: "Nipe ya elfu mbili." Pesa inaingia, mfuko unatoka, anasogea wa nyuma yake.

Katika miji midogo kama Namtumbo au Mbinga, mkoani Ruvuma, mambo huenda kwa mwendo mwingine. Mteja huanza na shikamoo, muuzaji huuliza habari za nyumbani, na mara nyingine anajua ni mtoto yupi anaumwa hata kabla hajaambiwa.

Wengi waliohamia jijini huikumbuka kwa hamu huduma hiyo ya kwao. Wengi waliobaki huko nao huusifu mji mkubwa kwa kuwa una kila kitu. Pande zote mbili zina ukweli. Lakini linapokuja suala la dawa, si uchangamfu wa muuzaji wala wingi wa makopo kwenye rafu unaomponya mgonjwa. Muhimu ni kama muuzaji anajua anauza nini, anamuuzia nani, na kwa mara ya ngapi.

Duka lenye kumbukumbu

Muuza dawa wa mji mdogo ana kitu kimoja ambacho ni adimu jijini: anawakumbuka wateja wake.

Chukua mfano wa kikohozi. Mtu mzima anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anatakiwa kupimwa kifua kikuu. Katika mji mdogo, akirudi kwa mara ya tatu kununua dawa ya kikohozi, anakutana na muuzaji yule yule. Muuzaji makini hamuuzii chupa ya tatu. Anamwelekeza kituo cha afya akapimwe makohozi, huduma ambayo kwa ugonjwa huo hutolewa bila malipo katika vituo vya umma, pamoja na dawa zake.

Jijini, chupa ya kwanza hununuliwa karibu na kazini, ya pili kituo cha daladala, ya tatu mtaa wa nyumbani. Maduka matatu yamemhudumia mteja huyo bila kosa lolote la wazi, lakini hakuna hata moja lililogundua kwamba amekohoa mwezi mzima. Wakati huo, usiku, analala chumba kimoja na mke na watoto.

Hali ni hiyo hiyo kwa wenye shinikizo la damu. Ugonjwa huu hauumi kila siku, hivyo ni rahisi mzee kuacha vidonge akijiona amepona. Muuzaji anayemfahamu humuuliza mjukuu wake anayepita dukani: babu mbona mwezi huu hajaonekana? Swali hilo dogo linaweza kumwepusha mtu na kiharusi. Katika jiji lililokuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 kwa sensa ya mwaka 2022, mteja asipotokea anakuwa amehamia duka jingine tu.

Kumbukumbu hiyo hiyo inapouma

Hata hivyo, kukumbukwa kuna gharama yake.

Muuza dawa anayemjua mtoto wako ndiye anayemjua pia mama mkwe wako. Anaimba kwaya na jirani yako, na mumewe yuko kikundi kimoja cha kuweka na kukopa na shemeji yako. Kwa mtu anayenunua panadol, hilo ni jambo zuri. Kwa anayetaka kondomu, kipimo cha mimba au dawa ya ugonjwa wa zinaa, linaweza kuwa kikwazo kikubwa kuliko bei.

Wanaoumia zaidi ni vijana, hasa wasichana. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinavyojulikana zaidi madukani vinatakiwa kumezwa mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya saa 72 baada ya tendo. Kila saa inayopita hupunguza uwezo wa dawa hiyo. Msichana anayeona haya kuingia duka pekee la karibu, akasubiri mpaka apate safari ya kwenda mji mwingine ambako hajulikani, anapoteza muda ambao hauwezi kurudi.

Hapo ndipo jiji linapotoa huduma ambayo haitangazwi kwenye bango lolote: kutojulikana. Mtu anaingia, anataja anachotaka, anaondoka, na hakuna atakayemsimulia kanisani wala msikitini.

Kutunza siri ya mgonjwa si fadhila ya muuzaji, ni wajibu wa kazi yake, popote alipo. Mteja ana haki ya kuomba azungumze naye pembeni, kuandika jina la dawa kwenye karatasi badala ya kulitamka mbele ya foleni, au kulionyesha kwenye simu. Mwenye duka naye, akitenga hata kona ndogo ya mazungumzo, atapata wateja ambao leo wanapita mbali na mlango wake.

Nusu dozi kwa huruma

Jambo jingine linalosifiwa katika miji midogo ni mkopo. Mtoto akipata homa usiku, mama anaweza kugonga mlango wa duka, akapewa dawa, na jina lake likaandikwa kwenye daftari mpaka pesa ya mahindi au kahawa ipatikane. Jijini, asiye na pesa mkononi au kwenye simu hurudi mikono mitupu.

Lakini huruma hiyo ina upande wa pili. Muuzaji anayejua hali ya mteja wake hupata shida kumkatalia anapoomba apewe vidonge vinavyolingana na mfuko wake. Hivyo anamkatia nusu.

Dozi ya dawa ya mseto ya malaria (ALu) kwa mtu mzima ni vidonge 24, vinne kwa kila mlo wa dawa, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu. Anayenunua 12 hajanunua nusu ya nafuu. Homa inaweza kushuka siku ya pili, akadhani amepona, wakati vimelea vilivyobaki bado vimo kwenye damu. Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu dozi yake hufuata uzito, si kukadiria kwa macho wala kukata kidonge kilichobaki cha baba.

Aidha, tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) limependekeza kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Homa ya mtoto inaweza kuwa nimonia au maambukizi ya mkojo. Akipewa mseto bila kipimo, siku tatu hupotea kutibu ugonjwa asiokuwa nao.

Jijini nusu dozi nayo ipo, ila huko huletwa zaidi na haraka. Mteja anasema atarudi kesho kuchukua zilizobaki, na hakuna anayejua kama alirudi.

Antibayotiki ndizo zinazobeba mzigo mkubwa wa tabia hii. Zikitumiwa ovyo, bakteria huzizoea na ugonjwa hausikii tena dawa. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2022 ulikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na usugu huo wa bakteria.

Ruvuma ilivyofungua njia

Wapo wanaoamini kuwa huduma bora ya dawa ni ya mijini tu. Historia ya Ruvuma inaonyesha vinginevyo.

Miaka ya nyuma, miji midogo na vijiji vingi vilitegemea maduka ya dawa baridi. Maduka hayo yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari, lakini kwa kuwa famasi zilikuwa mbali, wagonjwa waliyakimbilia kwa kila ugonjwa, na dawa zisizoruhusiwa ziliuzwa humo.

Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ulianza mpango wa Maduka ya Dawa Muhimu. Watoa dawa walipewa mafunzo, majengo yakakaguliwa, na maduka yakaruhusiwa kuuza orodha maalumu ya dawa, zikiwemo baadhi ya antibayotiki. Baadaye mpango huo ulienezwa katika mikoa mingine ya Tanzania Bara.

Leo maduka hayo husimamiwa na Baraza la Famasi, huku ubora wa dawa zenyewe ukisimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA). Famasi, kwa upande wake, inatakiwa kuwa chini ya usimamizi wa mfamasia aliyesajiliwa.

Mteja wa jijini anapaswa kukumbuka hilo. Koti jeupe dirishani si uthibitisho kuwa aliyelivaa ni mfamasia. Ana haki ya kuuliza mfamasia yuko wapi na kuomba kuzungumza naye, hasa anapopewa dawa asiyoifahamu au anapotumia dawa nyingine.

Dawa isiyopatikana nyumbani

Yapo mahitaji ambayo ukarimu hauwezi kuyatimiza. Anayeishi na kisukari na kutumia insulini katika mji mdogo huenda asiipate dukani kabisa. Ndugu aliye jijini huinunua na kuikabidhi kwa kondakta wa basi.

Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi joto 2 hadi 8, bila kuganda. Kifurushi kikiwekwa juu ya injini au kwenye buti lenye joto kutwa nzima, dawa inaweza kuharibika bila rangi yake kubadilika. Mgonjwa atajichoma sindano kwa wakati, na sukari itaendelea kupanda.

Familia yenye mgonjwa wa namna hiyo izungumze mapema na kituo cha afya au hospitali ya wilaya kuhusu mahali pa kuipata karibu. Ikilazimu kuisafirisha, ibebwe na mtu mkononi, kwenye chombo cha kutunza ubaridi, na isigusane moja kwa moja na barafu.

Kutwa mara tatu

Jijini au mji mdogo, mteja huondoka na kibahasha kilichoandikwa 1 x 3. Muuzaji husema "moja kutwa mara tatu", na wengi hudhani maana yake ni asubuhi, mchana na jioni, kufuatana na milo.

Kwa antibayotiki kama amoksilini, mara tatu kwa siku ina maana ya kila baada ya saa nane. Anayemeza saa 12 asubuhi hufuatisha saa 8 mchana na saa 4 usiku. Akimeza zote tatu kabla ya jua kuzama, usiku kucha mwili unabaki na dawa kidogo huku bakteria wakiendelea kuongezeka.

Maelezo hayo huchukua muda usiofika dakika moja. Jijini husahaulika kwa sababu ya foleni. Katika mji mdogo husahaulika kwa sababu mazungumzo yote yameishia kwenye habari za shamba.

Familia ifanye nini?

Familia ya jijini ijitengenezee kumbukumbu ambayo duka haina. Daftari dogo linatosha: jina la mgonjwa, dawa aliyopewa, tarehe, na dawa iliyowahi kumdhuru. Pia ichague duka moja la mtaani na kulizoea, badala ya kununua popote miguu inapofikia.

Familia ya mji mdogo isione haya kudai siri, wala isiombe kukatiwa dozi. Kama pesa haitoshi, ni heri kuandikwa kwenye daftari la mkopo kwa dozi nzima kuliko kulipa taslimu kwa nusu. Mwenye duka anayekukopesha sukari hashindwi kukukopesha vidonge vilivyobaki.

Wote waepuke kumtuma mtoto kununua dawa. Mtoto hawezi kueleza dalili, na maelekezo humpotea njiani.

Kabla ya kuondoka dirishani, mnunuzi aangalie tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha aulize: Dawa hii inatibu nini? Nimeze saa ngapi na kwa siku ngapi? Inapatana na dawa nyingine ninazotumia? Je, kama mgonjwa ni mjamzito au ananyonyesha?

Swali la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi, na halina gharama mjini wala kijijini: Nisipopata nafuu, niende hospitali baada ya siku ngapi?