Gari Lililotumika: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Kwa kaya nyingi nchini Tanzania, gari ni miongoni mwa ununuzi mkubwa maishani, na aghalabu gari lenyewe limekwishatumiwa na mtu mwingine. Wanunuzi wengi huanza kwa kufungua boneti. Tunashauri uanze na nyaraka, kwa sababu injini mbovu hutengenezeka, lakini kasoro ya umiliki yaweza kukukosesha gari na fedha kwa pamoja.

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, asiye mmiliki, wala hakuidhinishwa na mmiliki, kwa kawaida hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Kwa hiyo omba kadi halisi ya usajili, si nakala. Linganisha jina lililomo na kitambulisho cha muuzaji, kisha linganisha namba ya chasisi na ya injini na zile zilizochongwa kwenye gari. Namba iliyokwanguliwa ni sababu tosha ya kuondoka. Ukiambiwa kadi halisi haipo karibu, uliza iko kwa nani: wakopeshaji hushikilia kadi kama dhamana ya mkopo. Hakiki pia faini za barabarani ambazo hazijalipwa, kwani huandikwa kwa namba ya gari.

Gari likaguliwe mchana, injini ikiwa baridi. Injini iliyowashwa kabla hujafika huficha ugumu wa kuwaka na moshi wa mwanzo. Moshi wa bluu huashiria kuungua kwa oili; moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto huashiria maji kuingia kwenye silinda; mweusi huashiria mafuta kuzidi. Fungua kifuniko cha oili: ute wa rangi ya maziwa waweza kuwa dalili kwamba maji yamechanganyika na oili.

Usiitegemee mita ya kilomita peke yake, maana huweza kurudishwa nyuma. Ilinganishe na uchakavu wa pedali, usukani na kiti cha dereva. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho. Madoa ya tope yaweza kuonyesha kwamba gari liliwahi kuzama katika mafuriko. Kwenye tairi, tafuta tarakimu nne zinazohitimisha msimbo unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Taa ya mifuko ya hewa iwake unapofungua swichi, kisha izimike. Isipowaka kabisa, huenda imekatwa ili kuficha hitilafu.

Baada ya hapo liendeshe, kisha lipeleke kwa fundi uliyemchagua wewe, si wa muuzaji.

Mkikubaliana, andikeni mkataba wenye majina, namba ya chasisi, bei, tarehe na saini za mashahidi. Lipa kupitia benki ili malipo yabaki na kumbukumbu, na uhamishe umiliki Mamlaka ya Mapato Tanzania bila kuchelewa; kadi ikiendelea kubeba jina la mwingine, ni vigumu kuthibitisha kwamba gari ni lako.

Muuzaji akikuharakisha kwa madai kwamba mteja mwingine yuko njiani, mwache amuuzie huyo.