Utingo wa siku tatu na deni la katoni mbili za sabuni



Hapa Singida mjini vijana wengi tunapitia kibarua cha utingo. Duka la jumla likizidiwa na oda linaita mtu wa kumsaidia dereva siku mbili tatu, basi. Nami nilifanya, na somo lake nililipia. Wacha niwaeleze ili msilipie tena.

Watu wanadhani kazi ni kubeba tu. Hapana. Unapakia kwa kufuata njia: mzigo wa kushushwa mwisho unatangulia ndani. Siku ya tatu tulikwenda Kiomboi, kwa hiyo mzigo wa Misigiri ulikaa nyuma kabisa. Unafunga turubai, unamwongoza dereva akirudi nyuma, unaweka jiwe kwenye tairi mkisimama mtelemkoni. Na zaidi ya yote, UNAHESABU.

Hapo ndipo nilipoteleza. Alfajiri niliambiwa "saini hapa, tunachelewa", nikasaini bila kuhesabu. Kufika Kiomboi katoni mbili za sabuni hazipo. Nani ajuaye kama zilipakiwa kweli? Saini ilikuwa yangu. Jioni nikaambiwa sina changu, pesa ya siku zote tatu imefidia hasara. Nikaondoka kimya, nikidhani ndiyo sheria.

Kumbe sivyo! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inamruhusu mwajiri kukata hasara kwa masharti: iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akupe kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, akupe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wako. Robo jamani, si yote! Ukidhulumiwa, peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60. Mimi nilijua zikiwa zimeshapita.

Na ukiumia je? Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), uliotokana na sheria ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri, wewe hukatwi. Mjulishe ajali siku hiyohiyo, usisubiri mguu uvimbe.

Kwa hiyo hesabu kwanza, saini baadaye. Wakikuharakisha, andika "sijahesabu" pembeni ya saini. Na kila duka mnaloshusha, mpokeaji naye asaini. Kuhesabu kungenichukua dakika kumi tu. Kutohesabu kulinigharimu siku tatu.