Ugenini Tuwe Macho, na Tufurahi

Mwaka jana sisi akina mama wanne wa Segese tulialikwa harusini Kigali. Tulipanda basi Kahama, tukapita Ushirombo na Nyakanazi, hadi daraja la Rusumo juu ya mto Kagera. Furaha yetu ilikuwa kubwa, lakini siku ya kwanza tu nusura tumrudishe mwenzetu katika sanduku.

Ilikuwaje? Rwanda magari hupita upande wa kulia, nasi tumezoea kushoto. Tulitazama kulia, tukaona barabara tupu, mwenzetu akatia mguu. Pikipiki ikatokea kushoto! Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamvuta kwa kitenge. Hata neno la kumshukuru hatukuwa nalo. Yeye mwenyewe, kwa Kiswahili kidogo, ndiye aliyetufundisha: "Murakoze."

Mama mwenzetu, ukipata safari kama hii, kumbuka haya. Shughulikia pasipoti au hati ya dharura mapema, na mwachie mumeo nakala pamoja na simu ya mwenyeji wako. Fedha badilisha benki au kwenye duka lenye kibali, si kwa kijana wa kituoni. Usibebe mzigo wa mtu usiyemjua. Mifuko ya nailoni iache. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008. Rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi, ni umuganda, kazi ya pamoja ya usafi na ujenzi. Maduka hufungwa, basi usipange mizunguko.

Wala usimwulize mtu kabila lake. Mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 yaliacha vidonda. Ukitaka kuelewa, nenda kwenye kumbukumbu ya Gisozi, iliyofunguliwa mwaka 2004. Vaa kwa heshima, nyamaza, sikiliza.

Harusini tulijiona tuko nyumbani. Wasemaji wa pande mbili walishindana kwa maneno, ng'ombe wakasifiwa, nasi Wasukuma tukashangilia. Isombe kumbe ni kisamvu! Na "Mwaramutse" yao ya asubuhi ni kama "Mwangaluka" yetu.

Tulirudi wote wanne. Kitenge cha mwenzetu kilichanika siku ile, na mpaka leo hajakishona. Asema kinamkumbusha yule mama. Nawe ukimwona mgeni akisitasita kando ya barabara hapa Segese, mshike mkono, umvushe.